PHP, JavaScript, Python, Ruby: kwa nini nyingine hushika soko na nyingine hudoda

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye lugha za kutengenezea tovuti usemi huo umepigwa chenga mara nyingi. PHP imechekwa miaka nenda miaka rudi, na bado ndiyo inayoendesha tovuti nyingi kuliko lugha nyingine yoyote ya upande wa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuitoa kwa wageni. JavaScript ilitungwa kwa siku 10, kasoro za siku hizo tunazo hadi leo, na hakuna kivinjari kisichoielewa. Erlang, ambayo wazee wa fani watakusifia mpaka uchoke, ndiyo iliyoibeba WhatsApp. Lakini tafuta tangazo la kazi ya Erlang Dar es Salaam au Nairobi uone utalipata lini.

Ndiyo maana anayeuliza "lugha gani ni nzuri?" hapati msaada mkubwa. Afadhali aulize: hii ilifikaje hapa ilipo, na njia iliyoipitisha iko wazi kwangu pia? Nimezipanga mbilimbili, kila moja na mshindani wake wa karibu. Msimamo wangu nautoa mapema: kilichoamua zaidi ni wepesi wa hatua ya kwanza, yaani muda kati ya kupata wazo na kuliona kwenye skrini, na nani aliyekulipia gharama ya hatua hiyo. Uzuri wa lugha ulikuja nyuma sana.

## Maarufu kwa hesabu ipi?

Mtu akikuambia lugha fulani ndiyo namba moja, muulize kwanza amehesabu nini. W3Techs, watoa takwimu za wavuti, huhesabu tovuti zilizosimama hewani. Kwa hesabu yao PHP iko kwenye zaidi ya asilimia 70 ya tovuti ambazo lugha yake ya seva inajulikana. Stack Overflow, jukwaa la maswali na majibu ya waprogramu, huwauliza waprogramu wenyewe kila mwaka, na huko JavaScript ndiyo inayoongoza. Mwaka 2024 zaidi ya asilimia 60 walisema wanaitumia. TIOBE, wanaotoa orodha ya umaarufu wa lugha, nao huangalia matokeo ya injini za kutafutia, na kwa miaka ya karibuni wamekuwa wakiweka Python juu.

Wote watatu wako sahihi, ila hawajibu swali moja. Hesabu ya tovuti inajumuisha ule ukurasa wa hoteli uliotengenezwa mwaka 2012 na haujaguswa tangu hapo. Hesabu ya waprogramu inaonyesha watu wanaandika nini leo, hata kama kazi yao inaishia kwenye tovuti chache kubwa. Hesabu ya TIOBE inambeba pia mtafiti wa takwimu na mwanafunzi wa fizikia, watu wanaoandika Python kutwa nzima bila kuwahi kutengeneza fomu ya kuingilia. Ukitaka kuishi kwa kukarabati na kuboresha tovuti za watu, tazama hesabu ya kwanza. Ukitaka kuajiriwa kujenga mfumo mpya, tazama ya pili. Ya tatu itazame tu kama hobi.

## Perl na PHP

Hapa ndipo pa kujifunzia, kwa sababu Perl ilikuwa na kila kitu na ikashindwa.

Katikati ya miaka ya 1990, ukitaka ukurasa wenye fomu ya maoni au wenye kuhesabu wageni, jibu lilikuwa Perl. Larry Wall aliitoa mwaka 1987 kwa kazi ya kuchambua maandishi, na wavuti ilipokuja na utaratibu wake wa CGI (seva inaendesha programu na kurudisha inachotoa kama ukurasa), kuchambua na kutema maandishi ndiyo hasa kazi iliyokuwepo. Ilikuwa tayari imesimikwa kwenye karibu kila seva ya Unix. Hazina yake ya maktaba (misimbo iliyokwisha kuandikwa ya kutumia tena), CPAN, ilifunguliwa mwaka 1995, wakati lugha nyingi hazikuwa na kitu kama hicho.

Sasa fuata hatua za kuweka programu ndogo ya Perl kwenye seva ya kukodi siku hizo. Unaandika faili kwenye Windows. Unalipandisha kwa FTP, njia ya kutuma mafaili kwenye seva, hadi folda ya cgi-bin. Folda nyingine haikubali. Ukisahau kuiambia programu ya FTP kwamba hilo ni faili la maandishi, kila mstari unabaki na alama ya Windows mwishoni, na seva inaanza kutafuta programu ya "perl" yenye herufi isiyoonekana mkiani. Mstari wa kwanza lazima utaje perl inakaa wapi, `#!/usr/bin/perl` au `#!/usr/local/bin/perl`, kutegemea aliyeisimika. Kisha unabadili ruhusa za faili ziwe 755, ili seva iweze kuliendesha. Kisha, kabla ya kutoa neno lolote, programu itangulize `Content-type: text/html` na mstari mtupu. Teleza kwenye hatua moja tu, na kivinjari kinakujibu "500 Internal Server Error". Hatua ipi? Hakisemi.

Kwa PHP ulichukua ukurasa wa HTML uliokuwa nao, ukabadili jina lake liishie na .php, na mahali ulipotaka mwaka ujiandike wenyewe ukaweka hivi:

`<?php echo date("Y"); ?>`

Ukapandisha. Ikafanya kazi. Ukikosea, unatajiwa hitilafu iko faili gani, mstari wa ngapi. Aliyezoea kutengeneza kurasa tu, ambaye hajawahi kujiita mprogramu, alianza kuprogramu mchana huohuo bila mtu kumwambia kwamba ndicho anachofanya. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliitoa mwaka 1995 kama vifaa vya kuhudumia ukurasa wake binafsi. Zeev Suraski na Andi Gutmans wa Israeli ndio walioiandika upya ikawa PHP 3 mwaka 1998, na hapo ikaanza kushika kasi.

Ila wepesi huo ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko kwa wenye seva. Kampuni za kupangisha tovuti zilitaka kubana wateja mamia kwenye mashine moja. Perl ya kasi, ile ya mod_perl, ilikaa ndani ya Apache (programu ya seva inayotoa kurasa) na kubaki kwenye kumbukumbu, ikiwa na uwezo wa kugusa matumbo ya seva yenyewe. Huwezi kumkabidhi mteja usiyemjua kitu kama hicho huku jirani zake mia wakitumia seva hiyohiyo. PHP ilianza upya kwa kila ombi na kusahau kila kitu ombi likiisha. Mteja akiandika msimbo mbovu, ubovu ulikufa naye baada ya sekunde chache. Kwa mwenye kampuni hiyo ilikuwa biashara, kwa hiyo akaisimika kwenye kila kifurushi, hata cha bei ya chini kabisa. Mpaka leo ukinunua hostingi ya pamoja (nafasi kwenye seva ya kushirikiana na wengine) yenye cPanel, paneli ya kuisimamia, PHP unaikuta ndani imekungoja na hifadhidata yake ya MySQL kando.

Perl nayo ilijichongea. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba Perl 6 inakuja, ya kisasa, isiyolingana na ya zamani. Ilitoka Desemba 2015. Mwaka 2019 ikabadilishwa jina kuwa Raku, kukubali kwamba ni lugha nyingine. Nani angeanza mradi mpya kwa lugha ambayo wenyewe wametangaza mrithi na mrithi haonekani?

Halafu ikaja mifumo ya tovuti iliyokamilika, iliyoandikwa kwa PHP. Drupal mwaka 2001, Moodle na MediaWiki mwaka 2002, WordPress Mei 2003. Tangu hapo watu wengi hawakuichagua PHP kabisa. Mwalimu alichagua Moodle, mwandishi akachagua WordPress, na PHP ikaja nayo kama maji yajavyo na nazi. WordPress peke yake sasa iko kwenye zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote. Hata Ushahidi, iliyozaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, mfumo huria waliokuja kuusambaza duniani ulijengwa kwa PHP. Popote penye hostingi ya kawaida ungeweza kuusimika.

Uzuri wake? Hebu: kwenye amri ya `strpos` unaanza na maandishi marefu ndipo utaje unachokitafuta, kwenye `in_array` unaanza na unachokitafuta. Kuna `strlen` bila kistari na `str_replace` chenye kistari. Waliocheka walikuwa na haki ya kucheka. Lakini PHP 7 ya Desemba 2015 iliongeza kasi karibu mara mbili kwa kazi nyingi, PHP 8 ya mwaka 2020 ikaleta adabu ya aina za data (kutaja wazi kipi ni namba na kipi ni maandishi), na Laravel, fremuweki (kiunzi cha kujengea tovuti) aliyoianzisha Taylor Otwell mwaka 2011, imewafanya watu waandike PHP inayosomeka. Anayeicheka PHP ya leo kwa makosa ya mwaka 2004 hajaifungua siku nyingi.

## JavaScript na waliokitaka kiti chake

Mei 1995 Brendan Eich, akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari, aliandika toleo la kwanza la JavaScript kwa siku 10. Ingeshindanishwa na lugha nyingine kwa usanifu, isingefika popote. Nguvu yake ilikuwa mahali ilipowekwa, yaani ndani ya kivinjari, hivyo kila aliyefungua intaneti alikuwa nayo bila kujua.

Kila aliyetaka kuing'oa alishindwa, na kila mmoja kwa sababu yake. VBScript ya Microsoft ilitoka mwaka 1996 ikafanya kazi kwenye Internet Explorer tu. Ukiitumia umewafungia mlango wageni wengine wote. Apleti za Java zilihitaji programu ya ziada, zikachukua muda kuamka, na ukurasa ukakaa na kisanduku cha kijivu huku mgeni akienda zake. Flash, programu-jalizi ya kivinjari, ilikuwa mshindani wa kweli. Ilikuwa na michoro, sauti na video wakati JavaScript inahangaika kufungua menyu. Lakini ilikuwa mali ya kampuni moja, na Apple ilipokataa kuiweka kwenye iPhone, Steve Jobs akaandika barua ya wazi Aprili 2010 kueleza kwa nini, mustakabali wake ulikuwa umeamuliwa na mtu asiyeimiliki. Adobe waliizika rasmi mwisho wa 2020.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Dart na TypeScript, kwa sababu zote mbili zilikuja kutibu ugonjwa mmoja. Ukiwa na JavaScript ya mistari laki moja, iliyoandikwa na watu 20, hujui tena kitu gani ni namba na kitu gani ni maandishi, na unaligundua hilo mteja akishapiga simu. Google wakaja na Dart mwaka 2011. Lugha safi, yenye aina za data, na mpango wa kuiwekea injini yake ndani ya Chrome. Microsoft wakaja na TypeScript mwaka 2012, kazi ya Anders Hejlsberg, mtu yuleyule wa Turbo Pascal na C#.

Tofauti ilikuwa kwenye kuingia. Dart ilikutaka uhame: uache maktaba zako, uandike upya, uamini kwamba Firefox na wenzake watafuata. Hawakufuata, na mwaka 2015 Google wakaacha mpango wa injini ndani ya Chrome. TypeScript haikukuhamisha. Ulichukua faili lako la JavaScript, ukabadili mwisho wa jina kutoka .js kuwa .ts, ukaendelea na kazi. Leo unaongeza aina kwenye kipande kimoja cha msimbo, kesho kingine, na kinachokwenda kwenye kivinjari bado ni JavaScript ileile. Mkuu wa kitengo hakuombwa bajeti ya kuhama. Dart ilikuja kufufuka, lakini kwenye aplikesheni za simu, kupitia Flutter, wavuti haikuipata. Huo ndio ushahidi mzito nilio nao wa hoja yangu yote, maana wote wawili walikuwa na fedha, walikuwa na wataalamu, na walikuwa na kampuni kubwa nyuma yao.

Hatua iliyoitoa JavaScript kwenye kivinjari ilianza na Chrome ya mwaka 2008 na V8, injini yake ya kuendesha JavaScript, iliyoipa kasi isiyotarajiwa. Mwaka uliofuata Ryan Dahl akaichomoa V8 na kuiweka kwenye seva kwa jina la Node.js. Ghafla aliyekuwa akipamba kurasa akaweza kuandika na upande wa seva kwa lugha aliyokwisha kuijua, na mwajiri akaona anaweza kuajiri watu wa aina moja kwa kazi mbili. Ongeza React, maktaba ya kujengea kurasa, kutoka Facebook mwaka 2013, na umefika kwenye hali ya sasa ambapo tangazo la kazi ya wavuti bila JavaScript linatia shaka.

Bei yake ipo. Machi 2016 mprogramu mmoja aliondoa maktaba yake iitwayo left-pad kwenye npm, hazina ya maktaba za JavaScript. Ilikuwa na mistari 11, ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa maandishi. Miradi maelfu duniani ilikataa kujengwa siku hiyo, kwa sababu ilitegemea maktaba iliyotegemea maktaba iliyotegemea left-pad. Utaratibu wa kuondoa maktaba ulirekebishwa baadaye, lakini tabia ya kurundika maktaba kwa kila jambo dogo haikwisha. Fungua mradi wa Node uliokaa miaka mitatu bila kuguswa, jaribu kuuamsha, na utatukana. Tovuti ya PHP ya umri huohuo mara nyingi utaikuta inapumua.

## Ruby na Python

Ruby ilitolewa na Yukihiro Matsumoto mwaka 1995 na kwa miaka kadhaa ikabaki zaidi kwa Wajapani wenzake, kwa kuwa maelezo yake mengi yalikuwa kwa Kijapani. Kisha Mdenmark David Heinemeier Hansson akatoa Rails, fremuweki ya Ruby, mwaka 2004, na mwaka 2005 akarekodi video akijenga blogu kwa dakika 15 hivi. Video hiyo ilifanya kazi ambayo makala elfu zisingeifanya. Waliokuwa wakipanga mafaili ya mipangilio ya XML siku nzima kwenye Java waliona mtu akiandika amri moja na folda zote zikajitokeza, kila kitu kimekaa mahali pake. Twitter ilianza kwa Rails. GitHub na Shopify zilijengwa kwayo na bado zipo nayo.

Python ni kubwa kwa umri. Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991. Fremuweki yake, Django, ilizaliwa kwenye gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walitakiwa kutoa kurasa mpya kwa kasi ya chumba cha habari, na ikaachiwa umma mwaka 2005. Kwa hiyo Rails na Django ni karibu mapacha, na kwa kazi ya wavuti yenyewe sioni iliyoishinda nyingine kwa mbali. Kwa nini basi Python ikapaa na Ruby ikabaki?

Kwa sababu Python ilikuwa na miguu nje ya wavuti. Wanasayansi walikuwa na NumPy, maktaba ya hesabu, vyuo vikaifanya lugha ya somo la kwanza, kisha maktaba za akili unde zikafuata, TensorFlow ikaja mwaka 2015 na PyTorch mwaka uliofuata, na kila aliyetaka kujifunza akili unde akapita mlango wa Python. Baadhi yao siku moja walihitaji kuweka kazi yao kwenye tovuti. Wangejifunza Ruby kwa ajili ya nini? Walichukua Flask au Django, na siku hizi FastAPI. Ruby ilimtegemea mbebaji mmoja, Rails, na mawazo ya Rails yakaibwa na kila mtu, Laravel ikiwemo. Ukishaigwa vizuri, sababu ya watu kuja kwako inapungua.

Python iliponea chupuchupu pia. Toleo la 3 la mwaka 2008 halikulingana na la 2, na watu wakanung'unika miaka zaidi ya kumi, mpaka la 2 lilipofungwa rasmi Januari 1, 2020. Tofauti na Perl 6, hili lilikuwepo, unaweza kulipakua na kulijaribu, na matoleo mawili yakaenda sambamba hadi maktaba zikahama moja baada ya nyingine.

## Java na C#, kwa ufupi

Umaarufu wa hizi unatoka juu kushuka chini: taasisi inaamua, wafanyakazi wanafuata. Benki, kampuni za simu, wizara. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, umeandikwa kwa Java. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao Eldoret ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kuutumia, ni Java pia. C# ilifungiwa ndani ya Windows kwa muda mrefu; .NET Core, jukwaa lake jipya, iliifungua mwaka 2016, lakini kwa wakati huo waliokuwa na seva za Linux za bei nafuu walikuwa wamekwisha kuoa kwingine. Lugha hizi hazina shangwe mitandaoni, na mishahara yake hailalamikiwi.

## Kazi moja, lugha tatu

Tuache historia. Tuseme duka la Nakuru linataka kupokea malipo ya M-Pesa kwenye tovuti yake kupitia Daraja, lango la waprogramu la Safaricom. Mteja anabonyeza "Lipa", ombi linaibuka kwenye simu yake, anaweka PIN. Kwa upande wako kuna mambo mawili: kutuma ombi, na kupokea jibu kwenye anwani uliyoitaja, ambayo lazima iwe hewani muda wote.

Kutuma ni kulekule kwa lugha zote. Unaunganisha namba ya biashara, ufunguo uliopewa na saa ya sasa, unavigeuza kwa base64 (njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida), unatuma. Kwa PHP ni `base64_encode($namba . $ufunguo . $saa)`, kwa Python na Node ni mstari mmoja wa namna hiyohiyo. Aliyekuambia lugha fulani ndiyo "inafaa zaidi M-Pesa" alikuwa anakuuzia kozi.

Tofauti iko kwenye kupokea. Kwa PHP unaweka faili moja, tuseme majibu.php, kwenye hostingi ileile ya pamoja inayobeba tovuti, na Apache italiamsha kila jibu likija. Hakuna kinachohitaji kuangaliwa usiku. Kwa Node, programu yako inatakiwa iwe macho saa zote. Ikianguka saa nane usiku na hakuna pm2 au systemd ya kuiinua, malipo yanaingia Safaricom na wewe huna habari. Python nayo inataka gunicorn na wenzake wa kuiweka macho. Vifurushi vingine vya cPanel vinakubali Node na Python, ila mara nyingi utaishia kukodi seva yako mwenyewe, na seva yako mwenyewe inataka mtu wa kuisasisha. Mwenye duka hana mtu huyo.

Geuza kazi. Badala ya duka, ni kampuni ya usafirishaji inayotaka watu mia kadhaa waone bodaboda ikisogea kwenye ramani papo kwa papo. Hapo kule kusahau kila kitu ombi likiisha, kulikoinufaisha PHP kwenye seva za pamoja, kunakuwa kizuizi. Node inashikilia miunganisho mingi bila kuhema. Ndiyo kazi iliyotengenezewa. Inawezekana kwa PHP, kwa kuongeza hiki na kile, lakini utakuwa unapanda mlima ambao mwenzako ameuzunguka.

## Sasa uchague ipi

Kama wateja wako ni maduka, shule, makanisa, misikiti, hoteli na mashirika madogo, anza na PHP. Jifunze WordPress kwa kuivunja na kuiunganisha, kisha Laravel. Fedha ya kwanza itakuja mapema, na mteja akikuacha ataweza kumpata mwingine wa kuendeleza, jambo ambalo mteja mwerevu huliuliza kabla ya kulipa.

Kama unalenga kuajiriwa na kampuni changa, au kufanya kazi za nje ukiwa nyumbani, nenda JavaScript halafu TypeScript mapema iwezekanavyo. Usianze na React. Nimeona vijana wanaojua React na hawajui fomu ya HTML inatumaje data. Wanakwama kwenye mambo ya dakika tano.

Kama takwimu au akili unde inakuvuta, Python, na Django itakutosha kwa upande wa wavuti. Hata kama hujui inakuvuta au la, Python ndiyo lugha ambayo ukibadili mawazo hupotezi ulichojifunza. Java ni kwa anayetaka benki, kampuni ya simu au mifumo ya afya, na awe na subira ya kusoma msimbo wa watu kwa miezi kabla ya kuandika wake. Ruby ningeichagua kama tayari kuna kampuni imeniita; kuijifunza kwanza na kuitafutia kazi baadaye, kwa hapa kwetu, ni kuvizia.

Jambo moja limezidisha pengo siku hizi. Wasaidizi wa akili unde wanaoandika msimbo wamefunzwa kwa maandishi yaliyopo, na yaliyopo mengi ni ya Python, JavaScript na PHP. Uliza swali la lugha ndogo na utapata jibu lenye kujiamini na lisilofanya kazi. Lugha mpya leo haishindani na lugha kongwe peke yake, inashindana na rundo la majibu yaliyokwisha kuandikwa juu ya hiyo kongwe.

Na Perl? Usiisomee kazi mpya. Ila ukiitwa kwenye taasisi ukakuta mfumo wa mwaka 1999 bado unatoa ankara zake kwa Perl, usiwacheke wenyewe. Soma mistari kadhaa, nyamaza kidogo, kisha taja bei ya juu: wanaoweza kuugusa bila kuuvunja wamebaki wachache.